Profesa Akienda Kuchimba, Nani Anafundisha?

Kila mwaka, baridi ilipoanza kukaza London, Profesa Flinders Petrie alifunga mizigo akaenda zake Misri. Msimu wa kuchimba ndio huo: jua limepoa, maji ya Nile yameshuka, vibarua wanapatikana. Alichimba mpaka joto liliporudi, akarejea na masanduku ya vyungu, shanga na mawe yenye maandishi, akaandika kitabu, akawaonyesha watu alichokipata, na baridi iliyofuata akaondoka tena. Jina lake likazidi kukua. Lakini University College London ilikuwa imemwajiri awe profesa, na profesa ana wanafunzi. Yeye akiwa mchangani, nani alikuwa darasani?

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Margaret Murray, mwanamke ambaye kimo chake hakikufika futi tano na ambaye hakuwa na shahada yoyote. Ndiye aliyefundisha hieroglifu, historia, dini na sarufi. Alianza kuajiriwa mwaka 1898 na akaondoka mwaka 1935. Alipotimiza miaka mia, mwaka 1963, alichapisha kumbukumbu zake na kuziita *My First Hundred Years*, yaani miaka mia ya kwanza, kana kwamba mia ya pili ilikuwa njiani. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Mhadhiri kijana wa leo, anayesahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi huku wenzake wakipanda vyeo kwa makala za utafiti, akiyasoma maisha ya mama huyu atakutana na mengi anayoyafahamu.

Murray alizaliwa Calcutta mwaka 1863. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake alikuwa amefika India kama mmisionari. Utoto wake uligawanyika kati ya India, Uingereza na Ujerumani, na masomo yake yalikuwa ya kuokoteza, kama ya mabinti wengi wa tabaka lake. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali kuu ya Calcutta na kukabiliana na kipindupindu. Aliporudi Uingereza alitaka kuendelea na uuguzi, ila kimo kikamzuia. Hapo akabaki mtu mzima mwenye akili na nguvu, asiye na kazi ya kuzitumia.

Aliyemsukuma ni dada yake, Mary. Aliona tangazo la masomo ya Petrie gazetini na kumshikilia mdogo wake aende. Januari 1894 Murray aliingia darasani akiwa na miaka 30.

Mlango huo haukufunguka wenyewe. Ulikuwa umewekwa na mwanamke mwingine, Amelia Edwards, mwandishi wa riwaya na safari aliyepanda Nile miaka ya 1870, akaipenda Misri, na kutumia maisha yake yote yaliyobaki kuchangisha fedha za uchimbaji. Alipofariki mwaka 1892 aliacha wasia wa kuanzisha kiti cha uprofesa wa elimu ya Misri ya Kale, cha kwanza nchini Uingereza, na akataka kiwe University College London; ndicho alichokalia Petrie. Chuo hicho kilikuwa kinawapa wanawake shahada sawa na wanaume, jambo ambalo Oxford na Cambridge walikuwa hawajalikubali. Bila kifungu hicho cha wasia, mtu kama Murray asingekuwa na pa kubisha hodi.

Alichokikuta ndani kilikuwa idara changa, yenye vitabu vichache na mwalimu mkuu ambaye mara nyingi yuko safarini. Francis Llewellyn Griffith alifundisha lugha. Petrie naye alikuwa na mtindo wake: hakumwacha mwanafunzi akae miaka akisikiliza tu. Murray alipewa mara moja kazi ya kuchora kwa wino michoro ya kitabu cha Petrie kuhusu uchimbaji wa Koptos, kilichotoka mwaka 1896. Kisha akatakiwa atafute jambo la kulichunguza mwenyewe. Akachagua urithi wa mali katika vipindi vya mwanzo vya Misri, na mwaka 1895 makala yake ikachapishwa katika jarida la kitaaluma. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na ushei tangu aanze kujifunza alfabeti.

Walimu wengi wanaogopa kumpa mwanafunzi mpya kazi ya kweli. Humpa mazoezi, wakimwambia asubiri mpaka aive. Petrie, kwa haraka zake na kwa uhaba wa watu, alifanya kinyume, na Murray alipokuwa mwalimu naye alifuata njia hiyohiyo.

Kazi yenyewe si nyepesi. Hieroglifu zinaweza kuandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, au kushoto kwenda kulia, au kushuka kwa safu. Msomaji hutambua pa kuanzia kwa kutazama ndege, wanyama na watu waliochorwa: nyuso zao huelekea mwanzo wa mstari. Alama moja inaweza kuwa sauti moja, sauti mbili au tatu, au isitamkwe kabisa na kazi yake ikawa kuonyesha tu neno linahusu nini, kwa mfano miguu miwili inayotembea mwishoni mwa neno la mwendo. Na irabu haziandikwi. Aliyejifunza Kiarabu madrasani anaijua tabu ya siku alipopewa gazeti la Cairo lisilo na irabu hata moja akaambiwa asome. Ila yeye anaye mtu wa kumuuliza; Mmisri wa mwisho aliyeandika hieroglifu alikufa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Ndiyo maana Murray aliwapeleka wanafunzi wake pia kwenye Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha hiyohiyo, iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na irabu zake, na ambayo Kanisa la Wakopti bado linaitumia katika ibada. Mwaka 1905 alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kimisri kwa wanaoanza, na mwaka 1911 kingine cha Kikopti. Vitabu vya namna hii havimpi mtu sifa. Wenzake wakubwa hawavitaji katika tanbihi zao, na vikipatikana bora zaidi vinatupwa, kama vyake vilivyofunikwa na sarufi kubwa ya Alan Gardiner ya mwaka 1927. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini mtu aliyetaka kuanza alikuwa na pa kuanzia.

Mwanzoni alikwenda chuoni siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine alimuuguza mama yake. Mshahara ulikuwa mdogo, akaongezea kwa kufundisha madarasa ya jioni katika Makumbusho ya Uingereza. Alikuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kuajiriwa mhadhiri wa akiolojia, heshima ambayo inasomeka vizuri sasa kuliko ilivyoonekana wakati ule kwenye hati ya malipo.

Si kwamba hakuchimba. Msimu wa 1902–03 alifuatana na Petrie na mkewe Hilda hadi Abydos, mji wa ibada ya Osiris huko Misri ya Juu. Alipelekwa kama muuguzi wa kambi. Petrie akamfundisha kuchimba, kisha akamkabidhi usimamizi, na baadhi ya vijana wa kiume hawakupenda kupokea amri kutoka kwa mwanamke. Nyuma ya hekalu la Seti wa Kwanza kikatokea kitu kilichokuwa kimefunikwa na mchanga: jengo la chini ya ardhi lenye njia ndefu iliyojaa maandishi ya safari ya mfu kuelekea ahera. Ndilo linaloitwa Osireion. Walifukua sehemu tu, wengine wakaja kumalizia, lakini kitabu cha kwanza juu ya jengo hilo, cha mwaka 1904, ni cha Murray.

Msimu uliofuata alikwenda Saqqara na wanawake wawili wachoraji. Hawakwenda kuchimba. Walikwenda kunakili maandishi na picha za makaburi ya Ufalme wa Kale ambayo Mfaransa Auguste Mariette aliyafungua miongo kadhaa kabla na kuchapisha bila ukamilifu. Kazi ya kunakili ni ya kuchosha mgongo na macho: mtu anasimama mbele ya ukuta, anafuata kila mkwaruzo, anaamua huu ni unyoya wa bundi au ni ufa wa jiwe. Hakuna gazeti linaloandika kwamba fulani amenakili ukuta. Ila ukuta ukimomonyoka, nakala ndiyo inayobaki.

Siku ambayo umma ulijaa kumtazama Murray ilikuwa tarehe 6 Mei 1908, Manchester. Mwaka mmoja kabla, timu ya Petrie ilikuwa imekuta huko Rifeh, karibu na Asyut, kaburi lisiloguswa la wanaume wawili wa takriban mwaka 1800 KK: Nakht-Ankh na Khnum-Nakht. Maandishi ya majeneza yaliwataja kuwa wana wa mama mmoja, Khnum-Aa. Mumia moja ikafunguliwa mbele ya watu wapatao 500 katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu, na kwa mara ya kwanza aliyeongoza shughuli ya namna hiyo hadharani alikuwa mwanamke. Wenzake wakiwa na aproni nyeupe, alitoa sanda tabaka baada ya tabaka mpaka mifupa ikaonekana. Watazamaji waliotaka kipande cha kitambaa waliacha majina yao.

Jambo hilo la mwisho linamkera msomaji wa leo, na ni haki limkere. Lakini Murray alikuwa anapinga kitu kilichokuwa kibaya zaidi. Karne ya 19 mumia zilifunguliwa katika kumbi kwa ajili ya kushangaza watu. Yeye alileta mwanaanatomia wa kuchunguza mifupa na watu wa kupima nguo na kemikali, kisha akachapisha yote katika kitabu mwaka 1910. Mwanaanatomia, John Cameron, aliona maumbile ya wawili hao yanatofautiana mno kiasi cha kutia shaka kama kweli ni ndugu. Shaka hiyo ilikaa zaidi ya karne. Mwaka 2018 wanasayansi waliochukua DNA kwenye meno yao walitoa jibu: mama ni mmoja, baba ni tofauti. Maandishi ya jeneza yalisema kweli, na Cameron naye aliona sawasawa. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu miili yote miwili ilitunzwa Manchester pamoja na kumbukumbu zake, badala ya kutawanywa.

Chuoni mapambano yalikuwa madogo madogo na ya kila siku. Murray aliandamana London mwaka 1907 kudai kura ya wanawake, siku ya tope iliyowatapakaa maelfu ya waandamanaji, lakini nguvu zake nyingi alizitumia ndani ya kuta za chuo, kwenye mambo kama chumba cha kupumzikia cha walimu wanawake. Chumba kinaonekana jambo dogo. Hata hivyo mtu yeyote aliyefanya kazi ofisini anajua kuwa mambo mengi huamuliwa kwenye chai kabla ya kikao, na asiye na pa kunywea chai hukuta yameshaamuliwa. Chumba cha wanawake kilipatikana, na baadaye kikaitwa kwa jina lake.

Cheo kilichelewa. Alifanywa profesa msaidizi mwaka 1924, baada ya kuwa mhadhiri kwa miaka 26. Mwaka 1927 akapewa udaktari wa heshima, na hiyo ndiyo ikawa shahada yake. Kwa wakati huo alikuwa ametimiza umri wa kustaafu, lakini chuo kiliendelea kumwongezea mkataba mwaka hadi mwaka mpaka 1935. Hawakuwa tayari kumpandisha mapema, wala hawakuwa tayari kumwachia aende.

Kuna sura moja ya maisha yake ambayo wapenzi wake wangetamani kuiruka. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, alijitolea kuuguza Ufaransa, akaugua, akapelekwa kupumzika Glastonbury, mji wa Uingereza uliojaa hekaya. Misri ilikuwa imefungwa na vita. Akili isiyozoea kukaa bure ikageukia hekaya, kisha kumbukumbu za kesi za wachawi wa Ulaya. Mwaka 1921 akachapisha kitabu kilichodai kwamba watu waliochomwa na kunyongwa kwa uchawi walikuwa wafuasi wa dini moja ya kale, iliyopangika, iliyoendelea kwa siri chini ya Ukristo.

Wanahistoria wa kesi hizo walikikataa karibu wote. Walionyesha kwamba alichukua maungamo yaliyotolewa chini ya mateso kana kwamba ni ushahidi wa hiari, na kwamba alinukuu sehemu za kawaida za maungamo hayo huku akiacha zile za kuruka angani na kujigeuza wanyama. Hata hivyo yeye ndiye aliyeandika makala ya uchawi katika *Encyclopædia Britannica*, iliyosomwa kuanzia 1929 kwa takriban miaka arobaini, na nadharia yake ikaja kuwa msingi wa dini mpya kabisa, Wicca, ambayo mwasisi wake Gerald Gardner alimwomba dibaji ya kitabu mwaka 1954.

Jambo hili linahitaji kutazamwa bila huruma. Katika Misri, Murray alikuwa na Petrie wa kumkosoa, alikuwa na maandishi ya kujikagua nayo, na alikuwa na wanafunzi walioshika sarufi na kuuliza maswali. Katika uchawi wa Ulaya hakuwa na yeyote kati ya hao. Alihama na heshima yake, akauacha nyuma ukaguzi. Ni mtego unaowanasa hata wasomi wa sasa: daktari mashuhuri anayetoa hukumu za uchumi redioni, mchumi anayetufundisha chanjo.

Na kuna waliokosa hata nafasi ya kukosea. Msimu uleule wa 1893–94 ambao Murray alianza masomo London, Petrie alikuwa Koptos, Quft ya leo, akiwafundisha wanakijiji kutambua tabaka za udongo, kufuata ukuta wa tofali mbichi bila kuubomoa, na kutoa chungu kizima. Watu wa Quft wakawa wasimamizi stadi wa uchimbaji kwa vizazi. Wamesimamia mashimo ya Wajerumani, Wafaransa na Wamarekani, na ufundi huo umepita kutoka baba hadi mwana. Profesa mmoja, wakati mmoja, makundi mawili ya wanafunzi: la London likapata vitabu na, polepole, vyeo; la Quft likapata ujira wa siku na sifa ya mkono mzuri.

Mmisri aliyetaka zaidi ya jembe alikuta milango imefungwa. Ahmed Kamal alisoma hieroglifu katika shule iliyofunguliwa Cairo mwaka 1869 chini ya Mjerumani Heinrich Brugsch. Mariette, aliyekuwa mkuu wa mambo ya kale, aliona hatari: Wamisri wakielimika, nafasi yake yeye na wenzake ingeyumba. Shule ikafa baada ya miaka michache na wahitimu wake wakasukumwa kwenye kazi nyingine. Kamal alirudi kwa subira ya miaka mingi, akawa Mmisri wa kwanza kuwa mtunzaji katika makumbusho ya nchi yake, akafundisha, na kutunga kamusi kubwa ya Kimisri cha kale iliyokuwa haijachapishwa alipofariki mwaka 1923. Mwanafunzi wake Selim Hassan ndiye aliyekuja kuwa profesa wa kwanza Mmisri wa elimu hii katika chuo kikuu cha Cairo, na kuanzia 1929 akaongoza uchimbaji wa Giza. Naye Kamal, kama Murray, alifanya kazi isiyo na shangwe: kufundisha na kukusanya maneno. Tofauti ni kwamba Murray alifungiwa vyeo, Kamal alifungiwa nchi yake mwenyewe.

Kazi ya mwalimu hupimwa kwa watu waliopita mikononi mwake, na hapo orodha ya Murray ni ndefu: Reginald Engelbach na Guy Brunton, waliokuja kufanya kazi katika Makumbusho ya Cairo, na Myrtle Broome, aliyenakili hekalu la Seti huko Abydos kwa rangi zake. Yumo pia Gertrude Caton-Thompson, aliyesoma kwake miaka ya 1920 na ambaye mwaka 1929 alitumwa Great Zimbabwe. Walowezi walishikilia kwamba kuta zile za mawe zilijengwa na Wafoinike au watu wa Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver, aliyewahi kuchimba Abydos na Petrie, alikuwa amewakatalia tangu 1906. Caton-Thompson alichimba chini ya sakafu zisizoguswa, akaweka shanga na vigae kwa mpangilio wa tabaka, na kutangaza kwamba hii ni kazi ya Waafrika wa zama za kati, watu ambao dhahabu yao ilipitia Sofala na kuitajirisha Kilwa. Alitukanwa sana. Leo hakuna mwanaakiolojia anayembishia.

Na yumo Raymond Faulkner, karani wa serikali aliyeanza hieroglifu kwa Murray mwaka 1918, kwa muda wake wa ziada baada ya kazi. Alan Gardiner, yule wa sarufi kubwa, akamchukua kuwa msaidizi wake. Mwaka 1962 Faulkner alitoa kamusi fupi ya Kimisri cha Kati, iliyochapwa kutokana na mwandiko wake mwenyewe wa mkono, alama kwa alama, kwa kuwa kupanga hieroglifu kiwandani kuligharimu fedha nyingi. Wanafunzi wa lugha hiyo, Cairo, London na kwingineko, bado wanaifungua kutafuta neno lao la kwanza. Wakati kamusi hiyo inatoka, Faulkner mwenyewe alikuwa mwalimu University College London, akifundisha lugha ileile aliyoingia kujifunza akitoka ofisini.